Mfumo wa bili 96: sola ya nyumbani inalipa au hailipi?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu ina watu watano na tunatumia kama uniti 180 za umeme kwa mwezi. Umeme hukatika mara mbili tatu kwa wiki, saa mbili au tatu kila mara. Muuzaji amenipimia mfumo wa paneli 8 za wati 400, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya uniti 10. Nimegawa bei yake kwa bili yangu ya mwezi, nikapata bili 96: betri peke yake bili 44, paneli 18, inveta 16, na 18 zilizobaki ni vyuma, waya, breka na kazi. Anasema mfumo utazalisha uniti 12 kwa siku, kwa hiyo utajilipa ndani ya miaka minne, na yuko tayari kunikopesha. Kwetu jua ni kali, ila kuna miezi minne ya mawingu, na upande wa magharibi wa paa kuna mti mkubwa wa jirani. Mume wangu anasema ni pesa ya kutupa. Kati yao nani mkweli?"

Jibu: Dada yangu, nimefurahi sana kwamba bei umeipima kwa bili. Bili ya mwezi kila mwenye nyumba anaijua inavyouma, kwa hiyo hesabu zote hapa nitazifanya kwa kipimo hicho, nawe utaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi mbele ya shemeji na mbele ya muuzaji.

Nianze na ile miaka minne, maana kosa liko hapo. Mfumo unazalisha uniti 12 kwa siku, ninyi mnatumia 6. Muuzaji amezichukua zote 12 akazihesabu kuwa akiba. Uniti 12 kwa siku ni sawa na bili mbili kwa mwezi, ndiyo maana bili 96 zikageuka miezi 48. Lakini wewe unalipa bili moja tu, na mtu hawezi kuokoa bili mbili kwenye nyumba inayolipa moja. Mkishatumia uniti zenu 6 na betri ikajaa, mfumo unazibana paneli: jua linaendelea kuwaka juu ya paa, umeme hautoki, na hakuna anayekulipa chochote. Muda wa kweli wa mfumo huo ni miezi 96, yaani miaka 8, tena kwa kuchukulia kwamba bili yote inafutika. Kama kwenye bili yako kuna tozo ya kila mwezi unayolipa hata usipowasha taa, tozo hiyo itabaki pale pale.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Sola hailipwi na uniti inazozalisha. Inalipwa na uniti ambazo wewe unaacha kununua. Ukilishika hilo, mfumo wowote utakaoletewa utaweza kuupima mwenyewe.

Kuna njia moja tu ya kuzigeuza zile uniti 6 za ziada ziwe pesa, nayo ni shirika la umeme kuzipokea kwenye gridi, yaani nyaya zake za umeme, na kukupunguzia bili. Nchi nyingine zinaruhusu, nyingine haziruhusu, na mara nyingi hata panaporuhusiwa, uniti unayowapa hulipwa kidogo kuliko uniti wanayokuuzia. Swali hilo wapelekee watu wa umeme wenyewe, usimwachie muuzaji, na jibu lije kwa maandishi. Mpaka ulipate, weka sifuri. Ujue pia kwamba mfumo wa kuingiza umeme kwenye gridi usio na betri huzimika gridi inapozimika, hata jua likiwa utosini. Umewekewa hivyo kwa usalama, ili umeme wa paa lako usimuue fundi aliye juu ya nguzo. Wengi hulijua hilo siku ya kwanza umeme unapokatika, na wanahisi wametapeliwa.

Sasa tuangalie hizo uniti 12 zimetoka wapi, kwa sababu muuzaji wako si mwongo kwa kila kitu. Wati 400 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la bati saa saba mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi inayozidi 25 inapunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.35. Nyuzi 35 za ziada, asilimia 12 imekwenda. Toa tena vumbi, urefu wa waya na upotevu wa ndani ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, unabaki na kama robo tatu. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, na paneli 8 za wati 400 ni kilowati 3.2. Kwa hiyo kilowati 3.2, mara saa 5 za jua kamili, mara 0.75, unapata uniti 12. Hesabu yake ni sahihi.

Saa za jua kamili, usizichanganye na saa ambazo jua linaonekana. Chukua mwanga wote wa siku, kuanzia ule dhaifu wa asubuhi mpaka ule wa jioni, uukusanye uwe na ukali wa jua la utosini: utajaza saa ngapi? Jangwani zinaweza kupita 6, nchi za mbali na ikweta zenye mawingu mengi hazifiki 3 kwa wastani wa mwaka. Huna haja ya kumtegemea mtu kulijua hilo. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia na PVGIS ya Tume ya Ulaya ziko wazi bure kwenye intaneti: unaweka alama juu ya paa lako kwenye ramani, inakusomea mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kuutazama kwa makini ni ule mbaya kuliko yote.

Na hapo ndipo muuzaji alipopata paneli 8. Katika miezi yenu ya mawingu saa za jua kamili zikishuka hadi 3, uniti 12 zinakuwa 7 hivi, bado zinawatosha. Amepima kwa mwezi mbaya, kisha akakuuzia kwa hesabu ya mwezi mzuri.

Kabla sijakuambia mimi ningefunga nini, kuna kazi ya kufanya chini ya paa. Mwaka uliopita niliitwa kwenye nyumba iliyolalamika kwamba betri yao mpya haifiki asubuhi. Nikachomeka kipima uniti, kile kidogo kinachokaa kati ya plagi na soketi, kwenye friji, nikakiacha siku nzima. Kesho yake kilisoma uniti 2.4. Friji ya ukubwa ule inatakiwa izunguke kwenye uniti 1 hadi 1.5. Nikachukua karatasi, nikaibana na mlango wa friji, nikaivuta: ikatoka laini kama iliyopakwa mafuta. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa kona ya chini, baridi inavuja usiku kucha. Tulibadilisha mpira, tukaisogeza friji kutoka ukutani ili mgongo wake upumue, na wiki iliyofuata kipimo kikasoma 1.5. Tofauti ya uniti 0.9 kwa siku ni zaidi ya nusu ya kazi ya paneli moja ya wati 400, na sehemu kubwa yake ilikuwa inatoka kwenye betri. Familia ile ilishaanza kupanga kununua betri ya pili.

Fanya jaribio hilo la karatasi leo. Kisha orodhesha kila kitu kinachochemsha au kupasha moto: pasi, birika, hita ya kuogea. Hita ya papo kwa papo inavuta kilowati 4 hadi 5, na hakuna kinachoharibu hesabu ya sola kama hiyo. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunakula uniti 3.5, zaidi ya nusu ya matumizi yenu yote ya siku. Kama maji ya moto ni lazima, yapashe kwa hita ya maji ya jua yenye mabomba yake, ile inayochukua joto moja kwa moja. Paneli inageuza kuwa umeme kama sehemu moja ya tano ya mwanga unaoipiga; hita ya aina hiyo inaweza kukamata zaidi ya nusu ya joto lile lile. Kuligeuza jua kuwa umeme, ukauweka kwenye betri, halafu ukaugeuza tena kuwa joto la maji ni kuzunguka mbuyu.

Twende kwenye betri, maana ndiyo bili 44 kati ya 96. Miaka iliyopita mambo yalikuwa kinyume, paneli ndizo zilizokuwa ghali. Bei yake kiwandani ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kubana paneli usiusikilize tena. Siku hizi penye pesa ni betri na kazi.

Nyumba kama yenu, watoto shuleni mchana na watu kurudi jioni, usiku hutumia kama uniti 3.5 kati ya 6. Betri ya lithiamu hupendi kuikausha kabisa. Ukiitumia hadi asilimia 80 inadumu vizuri. Uniti 3.5 ukigawa kwa 0.8 unapata 4.4. Betri ya uniti 5 inatosha, nayo ni saizi iliyozoeleka, zile za volti 51.2 na ampea-saa 100. Nusu ya pili ya betri uliyopimiwa, yenye thamani ya bili 22, ingekaa imejaa karibu kila usiku bila kufanya kazi. Betri inayotumika kila siku inajilipa. Betri inayosubiri janga ni bima, na bima mtu anaweza kuinunua kwa hiari yake, ila aambiwe kwamba ni bima. Tena janga lenu ni dogo: saa 3 za kukatika umeme, na taa, televisheni, feni, friji na kisanduku cha intaneti vyote pamoja vikivuta wati 300, ni uniti 0.9 tu.

Utashawishiwa pia na betri za asidi kwa sababu bei yake ya kuanzia ni ndogo. Piga hesabu ya uniti itakazokupa maisha yake yote. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, unatakiwa utumie nusu, na mizunguko yake, yaani mara za kujazwa na kutumiwa, ni kama 500: jumla uniti 600. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo, kwa asilimia 80 na mizunguko 4,000, inakupa uniti 7,700 hivi. Hata ikiuzwa mara tatu au nne ya bei, bado uniti yake ni rahisi zaidi. Na joto linaiua ya asidi haraka: kila nyuzi 10 juu ya 25 inakata maisha yake karibu nusu. Nimezikuta nyingi zimewekwa darini, mahali penye joto kuliko pote nyumbani.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye karatasi ya muuzaji ni chakula cha inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 5 huweza kula wati 50 kwa kukaa tu imewashwa. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2 kwa siku, sawa na moja ya tano ya matumizi yenu yote. Ya kilowati 3 hula kama wati 30, yaani uniti 0.7. Soma karatasi ya vipimo vyake, namba hiyo huandikwa. Kilowati 3 zinatosha taa, friji, feni, televisheni na pasi kwa wakati mmoja. Hazitoshi kuwasha pasi, birika na pampu ya maji kwa pamoja, kwa hiyo mtajifunza kupanga zamu. Hita ya kuogea iachwe kwenye gridi, na ifungwe kwenye breka yake yenyewe isiyopitia inveta.

Basi, mimi ningefunga hivi: paneli 6, inveta ya kilowati 3, betri ya uniti 5. Kwa mizani ya bei ulizoletewa, paneli ni bili 13.5, betri 22, inveta nakadiria 11, vyuma, waya na kazi 13.5. Jumla bili 60. Miezi ya jua kilowati 2.4 zinaleta uniti 9, mnapata mahitaji yenu na chakula cha inveta. Miezi ya mawingu zinaleta 5.4, mnanunua kidogo kutoka gridi. Kwa mwaka mzima, nikihesabu kwa tahadhari, mfumo utaondoa asilimia 85 ya uniti mnazonunua. Bili 60 ukigawa kwa 0.85 unapata miezi 71, miaka 6 kasoro mwezi mmoja.

Linganisha na ule mkubwa. Kutoka bili 60 kwenda 96 unaongeza bili 36. Unachopata kwa bili hizo 36 ni ile asilimia 15 iliyobaki, yaani bili 1.8 kwa mwaka. Zingehitaji miaka 20 kurudi. Hakuna betri ninayoweza kuiamini itafika huko. Namba hiyo ndiyo ningependa umwonyeshe muuzaji, kwa upole, na umwombe akuonyeshe mahali ilipokosewa.

Kwa nini paneli 6 na siyo 4? Kwa sababu paneli mbili za ziada zinaongeza bili 4.5 tu, na zinaokoa zaidi ya bili moja kila mwaka katika miezi ya mawingu peke yake. Ukitaka kuongeza kitu baadaye, ongeza paneli kwanza, betri iwe ya mwisho. Waambie waache nafasi kwenye reli, vile vyuma vinavyobeba paneli.

Usidhani baada ya miaka 6 ni bure moja kwa moja. Inveta jihesabie miaka 10 au zaidi kidogo, lithiamu iliyotunzwa miaka 10 hadi 15. Paneli ndizo za kudumu: hupoteza karibu nusu asilimia kwa mwaka, na waranti ya nguvu kwa kawaida ni miaka 25. Kwa miaka 15 mfumo wa bili 60 utaokoa bili 153. Toa zile 60, toa inveta moja na betri moja za kubadilisha, 33. Unabaki na bili 60 mkononi, pamoja na usiku wote ambao watoto walisoma bila mshumaa. Umeme ukipanda bei, faida itaongezeka, lakini mimi sipendi kuweka matumaini kwenye hesabu.

Mkopo sasa. Mfumo wa bili 60 unaokoa bili 10.2 kwa mwaka. Gawanya 10.2 kwa 60, unapata asilimia 17. Hiyo ndiyo dari yako ya riba. Mkopo ukiwa na riba ya asilimia 20 kwa mwaka, mwaka wa kwanza riba peke yake ni bili 12, wakati sola imeokoa 10.2. Umelipa, na deni lenyewe hujaligusa. Kwa mfumo wa bili 96 dari ni chini zaidi: bili 12 kwa 96, asilimia 12.5. Muulize muuzaji jumla ya pesa zote utakazokuwa umelipa siku ya mwisho ya mkopo, siyo malipo ya mwezi. Malipo ya mwezi hutajwa yakiwa madogo kwa makusudi. Akikutajia jumla hiyo, igawe kwa bili yako upya. Na kama huna pesa taslimu ya kutosha, ningekushauri uanze na inveta na betri bila paneli, ambazo zitachajiwa na gridi na kukuondolea giza, kisha paneli zifuate mkishajikusanya. Inveta iwe ya kupokea paneli tangu mwanzo.

Shemeji ana haki yake. Kuna nyumba ambazo ningemwambia mwenyewe asinunue. Mpangaji asiye na uhakika wa kukaa miaka 6, asipigilie kitu juu ya paa la mtu mwingine. Anunue betri na inveta anazoweza kuhama nazo. Bati lililochoka, linalotakiwa kubadilishwa baada ya miaka mitatu, libadilishwe kwanza, maana kuteremsha na kupandisha paneli ni kulipa kazi mara mbili. Na nyumba yenye bili ndogo sana, ya uniti 50 kwa mwezi tuseme, haina cha kuokoa: gharama ya fundi, reli na breka haipungui kwa kiasi kile kile bili inavyopungua. Upande wa pili, penye cherehani za umeme, saluni au ofisi ndani ya nyumba, umeme mwingi ukitumika mchana, hapo hata paneli bila betri hulipa haraka. Na ambako gridi haijafika kabisa wala hakuna haja ya ubishi, kwa sababu unalinganisha na mafuta ya jenereta, ambayo hununuliwa kila siku.

Ukiamua kununua, nenda na futi kamba. Mita moja ya mraba hupokea wati 1,000 za jua kali. Paneli nzuri ya leo hugeuza asilimia 20 hadi 22. Kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa kama wati 210, na paneli ya kweli ya wati 400 lazima ikaribie mita za mraba 1.9, yaani takriban mita 1.7 kwa 1.1, na uzito wa kilo 20 hivi. Ukioneshwa paneli yenye ukubwa wa meza ndogo imebandikwa wati 400, karatasi imedanganya. Mwaka 1954, Bell Labs ya Marekani ilipoonyesha seli yake ya silikoni, ilikuwa inageuza asilimia 6 tu ya mwanga. Tumetoka mbali, lakini hatujafika mahali pa kupata wati 400 kwenye mita moja ya mraba juu ya paa la nyumba. Ni jaribio la dakika moja na nimeona limewaokoa watu.

Waranti nayo, uliza nani ataiheshimu. Karatasi ya miaka 25 kutoka kiwanda kilicho bara jingine haina maana kama aliyekuuzia hataipokea paneli iliyokufa. Aandike jina lake na muhuri wake, namba za mfululizo za kila kifaa, na muda wa waranti ya kazi yake mwenyewe, siyo ya vifaa tu. Breka za upande wa paneli ziwe za umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja kama wa betri. Breka ya kawaida ya nyumbani haikuundwa kuzima cheche za DC, na nimeshaona moja imeyeyuka ndani ya boksi.

La mwisho ni mti wa jirani. Kivuli usikidharau hata kikiwa chembamba. Paneli nyingi zina seli zilizofungwa kwa mfululizo katika makundi matatu, na kundi likipata kivuli linajitoa lote. Kuna siku nilipanda paa lenye paneli 4, saa nne asubuhi, skrini ya inveta ikisoma wati 860, na jua halina wingu. Sikuelewa, mpaka nilipoona bomba la hewa la choo limelaza kivuli chake, chembamba kama mkono, kikikatiza makundi yote matatu ya paneli moja. Nikaketi nikasubiri. Baada ya nusu saa kivuli kikatoka pembeni, na kijana wangu akapiga kelele kutoka chini: wati 1,180. Tulisogeza paneli ile hatua moja, ikaisha.

Kwa hiyo siku yenye jua, mtu apande juu ya paa lenu na chaki, saa nane mchana, saa tisa na saa kumi, achore mpaka wa kivuli cha ule mti kila mara. Njia ya jua huhama kati ya kaskazini na kusini kadiri mwaka unavyokwenda, kwa hiyo rudieni baada ya miezi mitatu kama mnaweza kusubiri, na kama hamwezi, acheni nafasi ya mita moja zaidi ya mstari wa saa tisa. Kivuli cha saa kumi na moja msihangaike nacho, jua la wakati huo halina nguvu kubwa. Paneli 6 zinahitaji kama mita za mraba 12 na nafasi ya fundi kupita. Zikitosha upande wa pili wa mistari hiyo ya chaki, mti wa jirani uacheni ulivyo. Zisipotosha, nitumie vipimo vya paa na picha ya hiyo mistari kabla hujalipa malipo ya kwanza.